Mafuta ya ndege ya maji kwenye safari ya mto: jinsi ya kupanga vituo, mfano ukiwa Yukon

Naandika hii kwa marubani wenzangu wa uwanja wa Wilson hapa Nairobi, hasa nyinyi mnaoweka akiba pole pole mwende Kanada na Alaska mkapate leseni ya floti (yale maboya ndege inakalia majini badala ya magurudumu) halafu mfuate mto Yukon kutoka Whitehorse kushuka chini. Safari yenyewe ni tamu, sibishi. Lakini plani ambazo watu wananitumia niangalie zinafanana sana, mtu amechora mstari kwenye chati, amehesabu kilomita, amegawanya kwa spidi, akatafuta viwanja vyenye alama ya mafuta, basi, ati tumemaliza. Kwa ndege ya magurudumu hiyo ingepita. Kwa ndege ya floti bado hujaanza, maanake mafuta yako kiwanjani na wewe uko mtoni, na katikati kuna matope, kilima, barabara ya vumbi na mzee mwenye ufunguo wa pampu ambaye leo ameenda kuvua samaki.

Kwa hivo mimi huwa sihesabu kituo kama kituo mpaka nijue nani ataleta mafuta hadi kwenye maji, kwa chombo gani, na yatapanda vipi kwenye bawa. Jina la kijiji na alama kwenye chati hiyo ni habari ya kuanzia tu.

Na kabla mtu hajasema huku kwetu hayatuhusu, Kenya tulikuwa kwenye njia ya ndege za maji kitambo sana. Imperial Airways, shirika la Waingereza, walipoanza kupitisha zile ndege-boti kubwa za kampuni ya Short mwaka 1937 kwenda hadi Durban, walifuata Nile, Khartoum, Malakal, wakaja Port Bell na Kisumu. Naivasha nayo ilishukiwa. Hao watu hawakuchagua mahali kwa sababu ni pazuri, walichagua mahali ambapo wangeweza kuweka mafuta kwanza ndio ndege ije. Sisi tunafanya kitu hicho hicho, tofauti ni kwamba hatuna kampuni ya kututangulia na mapipa.

Anza na ndege, ramani itangoja

Jambo la kwanza ni namba zako za kweli. Tuchukue Cessna 185 ya floti, ndio wengi wenu mtakutana nayo. Kuna matangi ya saizi tofauti kulingana na mwaka wa ndege, kwa hivo soma kitabu cha ile ndege yenyewe, lakini kwa mfano wetu tuseme lita 235 zinazotumika. Inakunywa kama lita 55 kwa saa ukitulia hewani. Spidi weka noti 110, yaani kama kilomita 204 kwa saa, na usishangae ni kidogo, floti ni mzigo na pia ni breki. Zile namba za 185 ya magurudumu unazozijua wewe zisahau kabisa.

Kuna mtego hapa wa sisi watu wa Nairobi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Tumezoea injini ambayo haiwezi kutoa nguvu zake zote hata ukisukuma hadi mwisho, na tumezoea kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa mapema, hata tukiwa bado chini. Kwenye miji ya mto Yukon, Whitehorse iko kama futi 2,300, Dawson kama 1,200, Fort Yukon haifiki hata 450. Huko chini injini inapata hewa ya kutosha na inakula mafuta ya kutosha, hasa wakati wa kupaa ambapo mchanganyiko unauacha mzito. Kwa hivo ile "kwangu huwa inakunywa hivi" uliyoizoea ukielekea Mara iache nyumbani. Uliza anayeirusha hiyo ndege kule kila wiki, na hata yeye akikupa namba ongeza kidogo.

Halafu maji yenyewe yanakula mafuta. Kuteleza majini kutafuta nafasi, kugeuka na upepo, kusubiri injini ipate joto, kisha kupaa kwa nguvu kamili kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea kwenye lami. Mimi naweka lita 12 kwa kila kupaa. Sasa fikiria ile plani ya "tutashuka hapa tupige picha, tushuke pale tuvue samaki kidogo". Mara mbili hivo na umemaliza lita 24, karibu nusu saa ya kuruka, na hujasogea popote.

Akiba ya mafuta: sheria ya Marekani na ya Kanada kwa kuruka mchana kwa macho ni dakika 30. Mimi naweka saa nzima, lita 55, na siigusi kwenye hesabu. Kule ukikosa kituo kimoja kituo kinachofuata si Nakuru. Ni msitu tu na maji.

Mto haunyooki

Hii ndio sehemu inayouma kwa hivo nitakaa hapa kidogo.

Kutoka Whitehorse hadi Dawson kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 434. Ukifuata mto ni kama 715, hiyo ndiyo njia watu wanapiga makasia kwenye mashindano ya mitumbwi kila mwaka. Ile tofauti ya kilomita 280 ni kona tu. Sasa piga hesabu na ndege yetu, hewa imetulia kabisa. Kilomita 715 ni saa tatu na nusu, lita 193. Ongeza 12 za kupaa, 205. Umebakisha lita 30. Kisheria uko sawa, dakika 33 hivi, na kuna mtu atakwambia si imetosha.

Weka upepo wa mbele wa noti 20, kitu cha kawaida kabisa. Spidi ya ardhini inashuka hadi kilomita 167 kwa saa. Sasa 715 ni saa nne na robo na ushee, lita 235 za kuruka tu, na wewe ulishatumia 12 kupaa. Injini inazima kama kilomita 38 kabla ya Dawson. Ndege ni ile ile, mto ni ule ule, rubani ni yule yule, na asubuhi tangi lilijaa pomoni.

Ni kweli hakuna mtu anayefuata kila kona ukiwa futi elfu moja juu, utazikata tu. Lakini panga kama utazifuata, halafu zile unazozikata ziwe faida. Usipange kinyume chake.

Kinachosaidia ni kuchagua mahali pa kuamua na kuandika namba ya lita kabla hujaondoka. Kwa kipande hiki mimi natumia kijiji cha Carmacks. Kwa mto ni kama kilomita 320 kutoka Whitehorse, na kwa mstari ulionyooka kurudi Whitehorse ni kama 165. Kutoka Carmacks kwenda Dawson kwa mkato ni kama 270. Hewa ikiwa imetulia utafika Carmacks na lita kama 137. Ukiendelea kufuata mto, kilomita 395 zilizobaki zitakula 106, utafika na 31, umeshakula akiba. Ukikata moja kwa moja utatumia 73, utafika na 64. Kwa hivo hata siku nzuri, mto mnafaidi hadi Carmacks, baada ya hapo mnakata. Kuna wenye watanuna kwa sababu kule mbele kuna Five Finger Rapids na makutano ya mto Pelly pale Fort Selkirk na ni pazuri ajabu. Five Finger iko karibu, pitieni juu yake mkitoka. Hayo mengine mtayaona siku mkija na matangi makubwa.

Na siku ya upepo? Utafika Carmacks na lita 118. Kwa mkato hadi Dawson dhidi ya upepo huo unahitaji 89, na akiba 55, jumla 144. Huna. Hapo hakuna mjadala wala kura, unageuka, upepo sasa unakusukuma mgongoni, unarudi Whitehorse kwa lita kama 38 na unashuka na 80 kwenye tangi. Andika hiyo 144 kwenye karatasi uibandike mahali unaiona, na pembeni yake 128 ya siku ya hewa tulivu (73 za mkato na akiba 55). Ukishakuwa hewani na abiria anauliza tumebakisha saa ngapi, kichwa kinaanza kujadiliana na chenyewe, na ndio maana karatasi inaandikwa ukiwa bado chini unakunywa chai.

Mpaka unaweza kukunyang'anya kituo

Hii watu wengi hawaifikirii kabisa. Kutoka Dawson kijiji cha kwanza mtoni upande wa Marekani ni Eagle, karibu tu, kama kilomita 117 kwa mstari. Kwenye ramani unaona ah, nitaweka mafuta pale. Lakini ukiingia Marekani kutua kwako kwa kwanza ni lazima kuwe mahali ambapo forodha wamekukubalia, na kwa upande huo wengi wanaenda Fairbanks. Taarifa zako na za abiria zinatumwa kwa mfumo wao wa eAPIS angalau dakika 60 kabla hujaondoka, na ruhusa ya kutua uwe nayo mkononi. Kwa hivo mpaka wakubali vingine, Eagle kwako ni mandhari.

Sasa kipande ni Dawson hadi Fairbanks bila kugusa maji. Kwa mstari mmoja ni kama kilomita 406 lakini huo mstari unapita juu ya milima na msitu, na ndege yako haina magurudumu, injini ikikohoa unataka maji chini yako. Kwa hivo unapita juu ya Eagle, kisha Circle, ndio unakata kuelekea Fairbanks, jumla kama 494. Hewa tulivu unatumia 145 pamoja na kupaa, unabaki na 90. Upepo wa noti 20 usoni unatumia 175, unabaki na 60. Juu ya akiba yangu kwa lita tano. Ningeenda, lakini kwa tangi lililojazwa hadi kwenye kifuniko na nimepima kwa kijiti, siendi na "jana nilijaza".

Fairbanks pale uwanja wa kimataifa kuna bwawa la ndege za maji, unashuka unamalizana na kila kitu, na ndio mahali pa kupumua na kupanga upya. Kutoka hapo Fort Yukon ni kama kilomita 220 kaskazini, juu kidogo tu ya mstari wa Aktiki, mahali mto Porcupine unaingia Yukon. Fort Yukon hadi Tanana kama 350 kwa mstari, na Tanana hadi Galena kama 230. Hizo ni namba za mstari, mto ongeza mwenyewe, na kati ya Circle na Stevens Village, kule wanaita Yukon Flats, mto unapasuka kuwa mifereji chungu nzima na visiwa, unaweza kufuata mfereji usiofika popote. Hapo angalia dira.

Piga simu, halafu piga tena

Vitabu vipo. Alaska wana Chart Supplement yao, Kanada wana kitabu kizima cha viwanja vya maji. Soma vyote, lakini vitabu vinachapishwa na mafuta yanaisha. Vijiji vingi vya mto vinaletewa mafuta kwa majahazi wakati wa kiangazi barafu ikishavunjika, au kwa ndege kwa bei ya kutisha, kwa hivo mwanzoni mwa msimu kabla jahazi la kwanza halijafika kijiji kinaweza kuwa kinakwangua chini ya tangi. Mwenzangu aliyewahi kupeleka ndege ya petroli kaskazini mwa Kenya anajua hii hali, Jet A1, mafuta ya ndege za jet, unaweza kupata, avgas, petroli ya ndege za pistoni, ndio unaulizia ukiwa umeshika roho.

Masaa yanatusaidia. Saa mbili usiku hapa Nairobi wakati wa kiangazi chao ni saa tatu asubuhi Fairbanks na saa nne asubuhi Whitehorse. Kula supper, shika simu. Usiulize "mna mafuta?" maanake jibu ni ndio kila mara, kila mahali kuna mafuta ya aina fulani. Uliza hivi: ni avgas 100LL au ni ya jet au ni petroli ya mashua? Iko kwenye tangi la pampu au kwenye mapipa? Ni ya kuuzia kila mtu au ni ya kampuni fulani ya ndege na mimi nitaangaliwa tu? Nani anafungua, na Jumapili je? Kutoka ukingo wa mto hadi pampu ni umbali gani na kuna gari? Kuna gati, au ufuko wa changarawe, au matope? Mnapokea kadi au pesa taslimu? Na swali ninalolipenda kuliko yote: mara ya mwisho ndege ya floti kuweka mafuta hapo ilikuwa lini na walifanyaje? Mtu akikujibu hilo bila kufikiria, hicho ni kituo. Akisema "tutaangalia ukifika", andika pembeni sifuri, endelea na kituo kingine.

Halafu siku mbili kabla ya kufika piga tena. Yule mtu anaweza kuwa yupo na mafuta yamenunuliwa yote na wazima moto, maanake kiangazi misitu ya kule inaungua na ndege za kuzima moto zinahitaji mafuta kama wewe. Moshi huo huo unaweza pia kufunga mto usione mbele, kwa hivo kila kituo kiwe na kituo cha pembeni ambacho bado kiko ndani ya akiba.

Lita na galoni, jamani. Kanada wanauza kwa lita, Alaska kwa galoni ya Marekani ambayo ni lita 3.785, na kuna ile galoni ya Kiingereza ya zamani, lita 4.546, ambayo bado utaikuta kwenye karatasi za kale. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu watu walichanganya pauni na kilo wakati wa kuhesabu, rubani akaitelezesha bila injini hadi Gimli na kila mtu akatoka hai. Wale walikuwa wataalamu wenye kampuni nzima nyuma yao. Chagua lita, andika kila kitu kwa lita, na risiti ya galoni ibadilishe pale pale pampuni.

Uzito

Haraka haraka. Lita 100 za avgas ni kilo 72. Tangi letu la 235 likijaa ni kama kilo 169, hao ni watu wawili wazima. Jaribu la kusema nitajaza kila mahali nikipata linagongana na kupaa, hasa siku maji yametulia kama kioo na floti zinang'ang'ania. Na Alaska kuna sheria ya vitu vya dharura: chakula cha wiki moja kwa kila mtu ndani ya ndege, shoka, kisanduku cha huduma ya kwanza, vifaa vya kuvulia samaki, kisu, kiwashio, neti ya mbu ya kichwani kwa kila mtu, na vitu viwili vya kutoa ishara. Hiyo yote ina kilo. Neti usiicheke, mbu wa huko utatamani wa Kisumu. Kwa kifupi, punguza abiria au mizigo kabla hujapunguza mafuta, na floti zipampu maji kila asubuhi, maji yaliyoingia ndani ya floti ni mzigo usio kwenye karatasi yoyote.

Ukishafika: pipa, pampu ya mkono, na ndege inayocheza

Tuseme umefika kijijini na mafuta ni pipa, lita 208 hivi, limekaa ukingoni. Usilirukie.

Angalia kifuniko kwanza, sili ipo au imeshafunguliwa? Soma maandishi, aina na tarehe. Pipa lililosimama wima mvua inakusanyika juu yake, usiku likipoa linavuta hewa ndani kupitia vifuniko na pamoja na hewa linavuta yale maji. Kwa hivo pipa linatakiwa liwe limeinamishwa kwa kipande cha ubao chini ya upande mmoja, vifuniko viwe pembeni mbali na dimbwi. Ukilikuta wima na lina dimbwi juu, chukulia kuna maji ndani mpaka uthibitishe hakuna.

Liinamishe wewe mwenyewe, kifuniko kikubwa kiwe upande wa juu, na uliache litulie. Nenda kasalimie watu. Maji ni mazito kuliko avgas, yataenda kwenye kona ya chini, na bomba la pampu yako litakuwa kwenye kona ya juu. Mafuta kidogo ya kwanza yapampu kwenye chupa ya kioo, inua kwenye jua. Avgas 100LL ni ya bluu na inapita mwanga. Ukiona tone linatembea chini kama shanga ni maji, endelea kutoa. Ukiona rangi haina bluu, weka tone kwenye karatasi nyeupe, avgas itakauka iondoke, ya jet itaacha doa la mafuta kama karatasi ya kufungia chipsi. Mafuta ya jet kwenye injini ya pistoni hayakatai kuingia, yatakungoja hadi unapaa. Petroli ya gari pia usiiguse kama injini yako haijaidhinishwa kwa maandishi.

Waya wa umeme tuli unaufunga kutoka pipa hadi ndege kabla ya kufungua kifuniko cha tangi, sio baada. Faneli ya chuma yenye chujio la maji, na ndoo za plastiki ziachie kufua.

Sasa ndege yenyewe inaelea, na hapa ndio wa magurudumu tunashtuka. Ukijaza bawa la kushoto lote kwanza, ndege inalala kushoto, floti ya kushoto inazama zaidi, na ukiwa umeacha nobu ya kuchagua tangi kwenye yote mawili mafuta yanateremka taratibu kutoka bawa la juu kwenda la chini mpaka yanamwagika mtoni kupitia tundu la kupumulia. Unalipia mafuta unayaona yakienda baharini. Kwa hivo weka nobu upande mmoja, jaza kidogo kidogo, kushoto lita 30, kulia lita 30, hadi mwisho. Na mtu mmoja kazi yake iwe kamba tu. Yukon ina mkondo wenye nguvu na imejaa tope linaloletwa na barafu ya milimani, chini ya pale White River inapoingia huoni hata sentimita chache ndani ya maji, gogo linaweza kuja limezama nusu na hutaliona hadi liguse floti.

Ukimaliza pima kwa kijiti, ndege ikiwa imelala sawa, mabawa yote mawili. Geji za Cessna zisikilize kama unavyosikiliza utabiri wa mvua. Linganisha kijiti na ulichotegemea kwenye plani: kama kipande kilichopita kilikula lita 15 zaidi ya hesabu, basi kipande kinachofuata kihesabu upya na matumizi hayo mapya, kabla hujafungua kamba. Ngoja dakika chache halafu toa kidogo chini ya kila tangi na kwenye chujio la injini, hata kama umechoka na mbu wamekuzunguka. Oili pia, pima. Kama mnaenda na Beaver, ndege kubwa kuliko 185, ile injini yake ya nyota (silinda zimezunguka kama miale) inapenda oili na inakunywa mafuta mengi zaidi ya 185, kuanzia kama lita 75 kwa saa kwenda juu, kwa hivo hizi hesabu zangu zote zirudie kuanzia mwanzo.

Neno la mwisho kwa wale wanaofikiria watakodi wenyewe: ndege za floti bila rubani wao ni ngumu sana kupata, bima haikubali mtu mwenye masaa machache ya maji. Wengi mtaenda na mwalimu au rubani wa kule. Plani ifanye wewe hata hivyo, ikamilike, halafu mpe aikosoe kwa kalamu nyekundu. Na muulize ni vituo gani anaweka mapipa yake mwenyewe, maanake waendeshaji wengi wa kule huwa na mapipa sehemu zao, na pengine atakuuzia moja likusubiri mahali ambapo simu zako zote za saa mbili usiku hazikuzaa kitu. Lipia kabla, upate jina lako liandikwe kwenye pipa kwa rangi, na pesa taslimu ndogo ndogo za dola zote mbili, ya Kanada na ya Marekani, ziwe mfukoni, M-Pesa huko haikusaidii.